Uaminifu wa Nyumba Zenye Nacho

Katika familia iliyorithi mali ya vizazi vitatu au vinne, hakuna anayeamka siku moja akatakiwa achague kati ya damu yake na dhamiri yake. Anacholetewa ni karatasi. Kikao cha familia kinakaribia kufungwa, watu wameanza kuvua miwani, na baba mkubwa anamsogezea binti wa miaka ishirini na sita azimio ambalo wenzake wote wamekwisha kulitia sahihi. Pembeni mwa mstari uliobaki wazi, wakili amebandika kikaratasi cha njano. "Hapo tu, mwanangu, penye alama," anaambiwa kwa upole. Binti anafunua ukurasa wa pili, anaona kwamba watu fulani waliodhurika watalipwa kwa sharti kwamba wasilizungumze tena jambo hilo popote, na anauliza swali moja: walidhurika vipi? Chumba kinanyamaza. Wa kwanza kumtazama si baba mkubwa. Ni mama yake, na jicho lake linamwomba yaishe hapo.

Kisa hicho nimekitunga, lakini aliyewahi kukaa karibu na nyumba ya namna hiyo atalitambua lile jicho, kwa sababu ndani yake hamna hasira wala vitisho. Mna mapenzi, na ndiyo maana lina nguvu. Mjadala juu ya utiifu kwa familia na misimamo ya mtu binafsi miongoni mwa wenye nafasi huharibika mapema kwa kuwekwa kama pambano la moyo na akili, kana kwamba upande mmoja kuna mapenzi matupu na upande wa pili kanuni tupu. Ninavyoliona mimi, pambano liko kwingine. Nyumba yenye nacho hudai mambo matatu kwa jina moja: ipendwe, isifichuliwe, na mali yake isimeguke. Mtoto akikataa moja huhesabiwa kuwa ameyakataa yote, na yeye mwenyewe, kwa kuwa amelelewa humo, mara nyingi huikubali hesabu hiyo.

Kiswahili kimetupatia neno moja lenye nyuso mbili. Mtunza fedha mwaminifu ni yule asiyeiba wala kudanganya. Rafiki mwaminifu ni yule asiyekutupa wala kutoa siri yako. Katika maisha ya kawaida nyuso hizo hukaa pamoja bila kugombana, na labda ndiyo sababu hatukuhitaji maneno mawili. Zinapogombana, kama pale kwenye karatasi yenye alama ya njano, kila upande unaweza kumwita mwenzake msaliti na lugha isimpinge: wazee watasema binti si mwaminifu kwa sababu anafichua, naye atasema wao si waaminifu kwa sababu wanaficha. Shina la neno hilo ndilo lililozaa pia amana, yaani mali aliyoachiwa mtu aitunze kwa niaba ya mwingine, na mali nyingi za koo tajiri leo zimewekwa katika mifuko inayoitwa hivyo hivyo, mifuko ya amana. Swali ambalo karatasi za mifuko hiyo hulijibu upesi mno ni amana ya nani. Jibu lililoandikwa ni wajukuu. Binti anayeuliza watu walidhurika vipi ameanza kushuku kwamba orodha ya wenye amana ni ndefu zaidi ya hapo.

Shaka hiyo ni kongwe. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, anamwonyesha mtu aitwaye Euthyphro akikutana na Socrates penye mahakama, akiwa amekwenda kumshtaki baba yake mzazi. Kibarua wao, akiwa amelewa, alimuua mtumwa wa nyumba. Baba akamfunga mikono na miguu, akamtupa shimoni, akatuma mtu Athens kuuliza afanywe nini, na kabla jibu halijarudi kibarua akafa kwa njaa, baridi na pingu. Ndugu wamekasirika: mtoto gani humpeleka baba yake mahakamani kwa ajili ya muuaji? Confucius, mwanafalsafa wa China, naye alielezwa na mtawala mmoja habari za mtu mnyofu aliyetoa ushahidi kwamba baba yake ameiba kondoo, akajibu kwamba kwao unyofu ni baba kumsitiri mwana na mwana kumsitiri baba. Kurani, katika sura ya Annisai aya ya 135, inaelekeza kwingine: waumini wasimamie haki na kutoa ushahidi hata dhidi ya nafsi zao, wazazi wao na jamaa zao, awe anayehusika ni tajiri au maskini.

Nakiri kwamba juu ya kondoo mmoja niko upande wa Confucius. Kondoo hurudishwa, baba hukaripiwa nyumbani, na serikali inayowasifu watoto kwa kuwachongea wazazi wao ni ya kuogopwa kuliko mwizi wa mifugo. Lakini katika nyumba tunazozizungumzia kondoo hakuwa mmoja. Lilikuwa kundi, lilichukuliwa kabla mtoto hajazaliwa, limezaliana mara nyingi tangu hapo, na sufu yake ndiyo nguo ya kwanza aliyovalishwa. Kumsitiri baba, hapo, ni jina la heshima la kulilinda kundi.

Wala utiifu wa ndugu haufanyi kazi ile ile kila mahali. Kwa asiye nacho, ndugu ndiye bima: mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na anayeugua usiku anajua mlango wa kugonga. Mwenye nacho huinunua bima hiyo kwa fedha. Ana daktari, ana wakili, ana akiba. Kwake ndugu wana kazi nyingine, ambayo ni kuzuia mali isigawanyike na habari zisitoke, na kwa hiyo utiifu wao umeandikwa. Hisa haziuzwi kwa mtu wa nje kabla ndugu hawajapewa nafasi ya kuzinunua. Mwenye fungu katika amana hupata gawio bila ya kuweza kuligusa fungu lenyewe. Kiti cha bodi hurithiwa na yule ambaye hajawahi kuleta maneno. Na kifungu cha usiri huingizwa hata katika mikataba ya ndoa. Si lazima kila kifungu kati ya hivi kiwe kiovu. Uovu huingia pale mtoto anapokipinga kimojawapo na kujibiwa kwa lugha ya damu, kana kwamba wakili aliyekiandika alikuwa bibi yake.

Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Kiarabu, katika dibaji ya historia yake aliyoimaliza mwaka 1377, aliona kwamba hadhi ya ukoo hukaa vizazi vinne: mjenzi, ajuaye ilimgharimu nini, mwanawe, aliyeyasikia kwake, mjukuu, anayefuata nyayo kwa kuiga, na kitukuu, anayedhani hadhi ni haki ya kuzaliwa, akaipoteza. Mimi ningeongeza kwamba pamoja na hadhi, kinachopungua ni habari. Mjenzi alijua alichofanya na aliyemfanyia. Mwanawe alijua akanyamaza. Mjukuu alijua tu kwamba kuna jambo lisiloulizwa. Kitukuu hana hata hilo. Ana picha ukutani na jina la familia juu ya mlango wa maktaba, kisha siku moja akiwa masomoni analikuta jina lile lile katika tanbihi ya kitabu cha mtu asiyemjua. Wazee wanapoliona swali lake kama mwanzo wa anguko la nyumba hawajakosea kabisa, kwa mizani ya Ibn Khaldun. Wanachokosea ni kudhani kwamba swali limeletwa na marafiki wabaya.

Mfano wa mtoto mtiifu ambao hunirudia mara kwa mara ni wa William Ewart Gladstone, mwanasiasa wa Uingereza, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Baba yake, John, mfanyabiashara wa Liverpool, alimiliki mashamba ya miwa huko Demerara, katika Guyana ya leo, na ni katika shamba lake lililoitwa Success ndimo ulimoanzia uasi mkubwa wa watumwa wa Agosti 1823. Mmoja wa viongozi wa uasi huo alijulikana kama Jack Gladstone. Jina la ukoo lilikuwa la mwenye shamba. Miaka kumi baadaye, mnamo Juni 1833, William alikuwa mbunge mwenye umri wa miaka 23, na bunge lilikuwa linajadili kufuta utumwa. Mbunge mwenzake akalitaja shamba la John Gladstone kama mahali ambapo watumwa walikuwa wakifa kwa kazi. Kijana akasimama kumtetea baba.

Hakusema kwamba baba yake ana haki ya kumiliki watu. Alikubali kwamba mfumo una maovu yake, akapinga jinsi hesabu za vifo zilivyosomwa, akaomba ukombozi uje polepole na wenye mali wafidiwe. Mtu aliyewahi kuhudhuria vikao vya bodi ataitambua sauti hiyo: jambo ni gumu kuliko linavyoonekana, takwimu zinahitaji kuangaliwa upya, haraka ina hatari zake. Mtoto wa nyumba yenye nacho mara chache huyatupa maadili yake. Huyapa muda, na muda huo mtu mwingine huwa anaulipia. Sheria ilipopita mwaka huo, Uingereza ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wamiliki, si watumwa, na John Gladstone alipokea zaidi ya pauni 100,000 kwa ajili ya watu zaidi ya 2,500. Deni lililotokana na fidia hiyo lilimalizika kulipwa mwaka 2015. William alikuwa waziri mkuu mara nne, na katika maisha yake marefu alikuja kuulaani utumwa; lakini siku ambayo sauti yake ingekuwa na bei aliitumia kupunguza makali ya sauti za wengine, na alifanya hivyo kwa upendo wa kweli kwa mzazi.

Mnamo Agosti 2023, miaka 200 baada ya uasi ule, baadhi ya wazao wa John Gladstone walikwenda Guyana kuomba radhi hadharani. Siidharau safari hiyo. Kuna koo nyingi zilizo na historia ya namna hiyo ambazo hazijafika hata uwanja wa ndege. Hata hivyo inafaa kuona kwamba hakuna baba aliyeaibishwa mbele ya macho yake mwenyewe, na hakuna mama aliyemtazama mtu kwa lile jicho. Nyumba huuruhusu ukweli utoke pale ambapo hauna tena mtu wa kumfunga wala mali ya kunyang'anya, na kisha huuhesabu kuwa ushujaa. Hata penye walio hai, sauti ya kwanza mara nyingi hutoka katika tawi lisilokunywa kisima kile. Elizabeth Sackler aliilaumu waziwazi mwaka 2018 kampuni ya dawa ya Purdue Pharma, iliyokuwa mikononi mwa familia za baba zake wadogo, kwa nafasi yake katika janga la dawa za kutuliza maumivu nchini Marekani. Baba yake, Arthur, alikuwa amefariki mwaka 1987, kabla ya OxyContin, dawa ya kampuni hiyo ya kutuliza maumivu, kuingia sokoni mwaka 1996, na fungu lake liliuzwa kwa ndugu zake hao. Alisema lililopaswa kusemwa. Ila aliyepaswa kulisema zaidi alikuwa mtu mwingine, mwenye gawio akaunti mwake.

Njia inayosifiwa zaidi kwa huyo mwenye gawio ni kuondoka. Methali inamwonya kwamba mkataa kwao ni mtumwa, na wazee huitumia kama fimbo. Wasimulizi wa hadithi, kwa upande wao, humfanya shujaa kwa sababu mlango unaofungwa kwa kishindo unasimulika vizuri kuliko mtu aliyebaki kitini. Mimi nina mashaka na mlango huo. Tolstoy, mwandishi wa Urusi, aliikana mali kwa maandishi na kwa mahubiri, akaacha mapato ya hakimiliki ya maandiko yake ya baadaye, akawagawia mke na watoto shamba, na hatimaye akatoroka nyumbani usiku mwaka 1910, akiwa na miaka 82, akafia katika kituo cha reli cha Astapovo. Mkewe Sofia, aliyemzalia watoto kumi na watatu na kunakili maandiko yake kwa mkono usiku baada ya usiku, aliachiwa nyumba ya kuendesha, madeni ya kuhangaikia na sifa ya kuwa ndiye aliyeng'ang'ania fedha, na hata pale kituoni walimzuia asimwone mumewe mpaka fahamu zilipokuwa zimemtoka. Kuna watu ambao usafi wao hufuliwa na mtu mwingine.

Mwanafalsafa Wittgenstein, mtoto wa mmoja wa matajiri wakubwa wa chuma wa Austria, alirudi kutoka vitani mwaka 1919 akagawa urithi wake wote, na aliowapa ni ndugu zake, ambao tayari walikuwa matajiri. Ulikuwa uamuzi wa kweli, na alioutimiza kwa kuishi maisha ya mwalimu wa kijijini. Lakini kundi la kondoo halikupungua hata mmoja, lilibadilisha tu mchungaji. Nchini humo humo, karne moja baadaye, Marlene Engelhorn, mzao wa mwanzilishi wa kampuni ya kemikali ya BASF, aliliona kosa hilo. Austria ilikuwa imeacha kutoza kodi ya urithi tangu mwaka 2008, na mwaka 2024 akaitisha baraza la raia 50 waamue wao wapi ziende euro milioni 25 alizorithi kwa bibi yake. Wakazigawa kwa mashirika 77. Wengi walimsifu kwa ukarimu. Kwangu kilicho kigeni ni kwamba alitoa pia madaraka ya kuchagua, kile kitu ambacho tajiri mfadhili hukishikilia hadi mwisho. Ile orodha ya wenye amana aliirefusha kwa majina ya watu asiowajua.

Bado kuna wale ambao hawawezi kutoa chochote kwa sababu walichorithi hakishikiki: jina, rangi, lugha, nafasi ya kusikilizwa mahakamani. Kwao sijui mfano mzito kuliko Bram Fischer. Katika Kiswahili neno Kaburu limekwisha kuwa tusi, na Fischer alikuwa Kaburu wa Makaburu. Babu yake, Abraham Fischer, alikuwa waziri mkuu wa koloni la Orange River, katika Afrika Kusini ya leo. Baba yake, Percy, alikuwa rais wa majaji wa jimbo la Orange Free State. Kijana huyu wa nyumba hiyo, aliyezaliwa mwaka 1908, alisomea sheria na watu wake walimtegemea afike walikofika wazee wake au kuwapita. Badala yake akajiunga na chama cha kikomunisti, na katika kesi ya Rivonia ya mwaka 1963 na 1964 akaongoza utetezi wa Nelson Mandela na wenzake, huku yeye mwenyewe akiwa amehusika na mipango ile ile waliyoshtakiwa nayo. Siku walizotoa ushahidi vibarua wa shamba walikokamatiwa washtakiwa, Fischer hakuonekana mahakamani. Wangeweza kumnyooshea kidole.

Alikamatwa mwaka huo huo wa 1964, akapewa dhamana ili aende London kuendesha kesi ya biashara ya mteja wake, na akarudi, ingawa kila mtu alitarajia angebaki huko. Hapo panahitaji kutazamwa kwa makini. Alirudi kwa sababu alikuwa ametoa neno lake. Kisha Januari 1965 akaivunja dhamana na kuingia mafichoni, akimwandikia wakili wake kueleza ni kwa nini. Wanasheria wenzake, chama cha mawakili alichowahi kukiongoza, wakaomba aondolewe katika orodha ya mawakili. Wanaomfahamu kupitia maandishi yake wanajua kwamba hilo lilimuuma kuliko mengi, na mimi naliamini, kwa sababu mtu wa nyumba kubwa huwa na familia mbili, ile ya damu na ile ya vilabu, vyuo na taaluma, na mara nyingi ile ya pili ndiyo isiyosamehe.

Alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1966. Katika maelezo yake kizimbani alisema kama Kaburu aliyebeba wajibu kwa sababu ni Kaburu. Hakuwakana watu wake hata kwa sentensi moja. Mwanawe alipofariki mwaka 1971 hakuruhusiwa kwenda mazikoni. Alipopatwa na saratani na ikawa wazi kwamba hatapona, mwaka 1975 wakuu wa magereza walimruhusu atoke, na mahali alipopelekwa ni Bloemfontein, nyumbani kwa ndugu yake wa damu, mtu ambaye hakuwahi kuwa na siasa zake. Nyumba ile ikawekewa masharti kama tawi la gereza. Ndugu mtu aliyakubali. Bram alifia humo mwezi Mei, na baada ya mwili kuchomwa idara ya magereza ikayachukua majivu. Jina lake lilirudishwa katika orodha ya mawakili mwaka 2003, miaka 28 baada ya kifo chake.

Naitazama ile nyumba ya Bloemfontein kuliko ninavyoitazama kesi yenyewe. Nadharia ya wazee inasema atoaye siri za nyumba hana nyumba, na hapa palikuwa na mtu aliyeyapinga hadharani yote ambayo ukoo wake ulijengewa heshima kwayo, na kitanda chake cha mwisho kikawa chini ya dari la ukoo huo. Ndugu yake hakukubaliana naye, na hakudai akubaliane naye ndipo amfungulie mlango. Mambo yale matatu yaliyofungwa pamoja, mapenzi, ukimya na mali, yalikuwa yamefunguliwa, na mapenzi hayakudondoka. Sisemi kwamba huenda hivyo kila mara. Kuna mama ambao hawasemi tena na mabinti zao. Lakini anayeambiwa kwamba haiwezekani kabisa ana haki ya kujua kwamba imewezekana, katika nyumba ngumu kuliko yake.

Wazee wana hoja ambayo watetezi wa dhamiri hupenda kuiruka: hayo maadili umeyapata wapi? Shule nzuri, muda wa kusoma, safari, usingizi usiokatizwa na wazo la kodi ya nyumba, vyote vimelipwa na fedha unayoiona leo chafu. Ni kweli, na inauma. Lakini chanzo cha ada hakibatilishi somo. Kama kingelibatilisha, aliyefundishwa hesabu kwa fedha ya wizi angepaswa kukosea jumla. Hoja yao yenye uzito zaidi ni kwamba maadili ya kijana wa tabaka hilo mara nyingi ni vazi jipya la tabaka lile lile. Anaikosoa kampuni ya baba katika mikutano ambayo asingealikwa bila jina la baba. Anakataa gari, hakatai fungu. Akikosana nao anakwenda kukaa katika nyumba ya pili ya shangazi. Nimewasikia wengi wa aina hiyo, na kinachowatambulisha ni kwamba habari zote wanazosimulia zinawahusu wao: walivyoumia, walivyoamka, walivyokombolewa. Watu waliodhurika wako katika sentensi ya kwanza tu, kama mlango wa kuingilia.

Migogoro ya ndoa, dini na kazi katika nyumba hizi nimeiacha kando, ingawa ndiyo inayojaza masimulizi. Kwa sehemu kubwa ni mgogoro ule ule kwa nguo nyingine, kwa kuwa ndoa ndipo mali inapovuka kutoka mkono hadi mkono, na anayeoa nje ya duara amefungua dirisha.

Kwa binti wa kikao, basi, kuna jambo dogo lililo kubwa kuliko kuondoka. Anaweza kukataa kutia sahihi, na kutaka swali lake liandikwe katika kumbukumbu za kikao kwa maneno aliyoyatumia. Anayeondoka huacha kiti, na kiti hicho hujazwa na binamu asiyeuliza. Anayebaki akanyamaza amekwisha kujibu. Anayebaki na kuuliza, akaenda kesho yake kumuuguza mama yuleyule aliyemtazama kwa jicho la kumwomba, huwavuruga wazee kuliko wote wawili, kwa sababu hawana jina la kumwita. Atalipa: gawio litachelewa, mwaliko hautafika, atasikia kwamba ana kiburi. Na siku moja kumbukumbu zile zitasomwa na mtu, katika chumba cha wakili au cha mwanahistoria, na swali litakuwepo.

Sarah na Angelina Grimké walikuwa mabinti wa jaji mwenye watumwa huko Charleston, South Carolina. Waliondoka kwenda kaskazini katika miaka ya 1820, wakawa miongoni mwa wanawake wa kwanza nchini Marekani kuupinga utumwa jukwaani, na mwaka 1839 walichapisha ushahidi wa yale waliyoyaona kwa macho katika nyumba za watu wa tabaka lao. Charleston ikawahesabu kuwa wasaliti. Nyuma yao, kaka yao Henry alizaa watoto wa kiume watatu na Nancy Weston, mwanamke aliyekuwa mtumwa wake, na alipofariki mwaka 1852 akaagiza watendewe kama watu wa familia. Mwanawe wa ndoa, mtoto mtiifu wa nyumba, akaja kuwachukua ndugu zake hao kuwa watumwa. Mmoja alitoroka akajificha, mwingine aliuzwa.

Mwaka 1868, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimekwisha, Angelina alikuwa akisoma gazeti akakuta habari za mwanafunzi mweusi wa Chuo Kikuu cha Lincoln huko Pennsylvania aliyeitwa Grimké. Angeweza kugeuza ukurasa. Jina la mwenye watumwa kubaki kwa waliokuwa watumwa lilikuwa jambo la kawaida, kama lilivyobaki kwa Jack kule Demerara. Aliandika barua kuuliza. Kijana, Archibald, akajibu akieleza baba yake alikuwa nani. Angelina akafunga safari hadi chuoni, akawatambua Archibald na Francis mbele ya watu kuwa watoto wa kaka yake, na tangu hapo dada hao wawili, ambao hawakuwa na fedha nyingi, wakasaidia kuwasomesha. Archibald alihitimu sheria Harvard mwaka 1874. Francis akawa mchungaji. Angelina alifariki mwaka 1879. Mwaka uliofuata Archibald alipata binti, akampa jina la shangazi.